Ulimi wa Kuazima

Mimi si mnywaji. Nasema mapema, watu wasije wakanisema. Bia ni ya mdogo wangu, mpika bia, na kiwanda chake chote ni banda nyuma ya nyumba: masufuria mawili makubwa, mapipa sita na jiko linalotoa moshi kuliko moto. Kazi yangu ni kusuuza mapipa na kumgombeza.

Baridi ilipoanza, mafua yalimnyang'anya pua. Homa ikaisha, pua haikurudi. Hata kitunguu kiungue, yeye hana habari. Ulimi nao ukafuata pua. Hakumwambia mtu ila mimi.

"Dada, niazime ulimi wako," alisema. "Nikiiharibu bia chungu ya msimu huu, nafunga banda. Mpishi asiyeonja anapika nini?"

Siku ya kuonja ikafika, nikaonja. Mama yangu! Uchungu wa kukunja uso mpaka masikioni. Nikajua papo hapo: ametia maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu, mara mbili. Siku zote harufu humwambia kwamba ameshatia. Safari hii hakuna kilichomwambia. Nikamtazama alivyosimama na taulo mkononi, macho yote kwangu, nikakosa moyo.

"Ni ileile," nikasema. "Ya siku zote."

Mwenye baa alikuja asubuhi moja, koti mpaka kidevuni. Huyu ndiye huchukua mapipa yetu kila msimu wa baridi, na akisema kitu hamung'unyi maneno. Aliikumbatia glasi kwa viganja viwili, akangoja ipate joto kidogo, maana bia hiyo ikipoa sana haikuambii kitu. Akanusa.

"Maganda ya machungwa," akasema. "Na mkate ulioungua kidogo."

Mdogo wangu akafumba macho, anajaribu kuzikumbuka harufu hizo. Roho iliniuma.

Kisha mwenye baa akanywa, akakohoa. "Bwana wee! Hii bia au dawa ya minyoo?"

Mdogo wangu alinigeukia mimi. "Dada?"

"Ulitia hopsi mara mbili," nikasema. "Nilijua tangu siku ile."

"Nilikuomba ulimi, ukanipa huruma."

Bora angenitukana.

Mwenye baa alitutazama kwa zamu, na habari ya pua akaielewa bila kuambiwa. Akanywa tena, taratibu. "Haijafa hii. Ikilala pipani, uchungu utapungua. Nitarudi baada ya mwezi. Ila aonje mtu mkweli." Akafunga koti lake, akaenda zake.

Nikangoja kusikia banda linafungwa. Mdogo wangu alikwenda pipani, akajaza glasi, akaishika mwenyewe mpaka ikapata joto, ndipo akanipa.

"Onja. Halafu useme."

Nikanywa. Machozi yakanitoka, na si kwa sababu ya bia peke yake. "Mbaya," nikasema. "Mwanzo machungwa, kati mkate, mwisho unatamani kumchapa makofi aliyeipika."

Akacheka. Tangu mafua yale sikuwa nimemsikia akicheka. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu.

"Sema tena, dada," akasema. "Polepole. Hayo machungwa yakoje?"