Mchango wa Aliye Hai

Sokoni walimwita Mama Redio, na si kwa ubaya. Alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na mdomo huo ndio uliomtia mashakani. Ni yeye aliyemshika Mkunga wa zahanati mkono mbele ya watu akamwambia, "Gombea udiwani, dada. Pesa niachie mimi." Pesa niachie mimi! Mwanamke ambaye kodi ya kibanda chake anailipa kwa kubembeleza!

Lakini msimcheke bado, sababu alikuwa nayo. Mwaka uliopita mke wa mwanawe alishikwa na uchungu usiku, zahanati imepigwa kufuli, na mtoto akazaliwa juu ya meza ya kukatia nguo, katikati ya mikasi na suti ya watu iliyokuwa haijaungwa mikono. Aliyemzalisha ni huyo Mkunga, aliyetolewa kitandani akaja mbio na viatu viwili visivyofanana. Tangu hapo Mama Redio hakuwa na wimbo mwingine: zahanati ifunguliwe usiku. Mkunga alikuwa amelisemea jambo hilo katika kila kikao mpaka sauti ikamkauka, na kila mara akajibiwa kwamba uamuzi ni wa madiwani. Haya basi, awe diwani.

Kilichokosekana ni ada ya kugombea. Siku moja kabla ya mwisho wa kulipa, Mkunga alikuja kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja na kushika tama.

"Bwana Kokoto amenipigia simu," alisema. "Atalipa yote. Ada, mabango, gari la matangazo, mpaka vipaza sauti. Anasema hataki kitu."

Bwana Kokoto alikuwa mkandarasi. Lundo lake la kokoto lilikuwa limelala mbele ya lango la zahanati tangu mwaka juzi, na wajawazito walilizunguka huku wakijishikilia ukutani. Kila aliyepita pale alimlaani kimoyomoyo, kisha akikutana naye anamwamkia kwa heshima zote.

"Hataki kitu leo," alisema Mama Redio. "Ukishakaa kwenye kiti chake, utamwambia aondoe lile lundo?"

"Kiti chake?"

"Akikinunua ni chake, dada. Wewe utakuwa umekikalia tu."

"Kwani mimi mtoto mdogo, sijui hayo?" Mkunga aliinuka, akakung'uta nyuzi kwenye sketi yake. "Lakini mshahara wangu unaujua. Na wewe uliniambia nikuachie. Kesho alasiri ofisi inafungwa. Nikija hapa mchana nisione kitu, nakwenda kwa Kokoto. Bora niingie nimefungwa mkono mmoja kuliko nisiingie kabisa."

Akaondoka. Mama Redio alibaki akichomeka pini kwenye kitambaa, kila pini jina la mtu wa kuombwa.

Alianza na wa karibu. Shemeji, mdogo wa mumewe, alikuwa akiuza misumari na makufuli kwenye kibanda cha kumkabili. Aliposikia habari ya mchango alicheka mpaka akaegemea mizani.

"Nimchangie mwanasiasa? Shemeji, una homa? Wao ndio wanaotupa sisi! Fulana, kofia, sukari. Ndiyo faida pekee tunayoiona, na wewe unataka kuigeuza!"

"Ndiyo maana wakishapita hatuwaoni. Walishatulipa, tunawadai nini tena?"

"Nilishachanga mimi," Shemeji alisema, na kicheko kikamwisha. "Yule wa miaka ile. Niliuza baiskeli yangu nikampa. Aliposhinda, nilimpungia mkono barabarani, akapandisha kioo cha gari. Usidhani hakuniona. Aliniona vizuri kabisa, kisha akapandisha kioo. Basi habari za kuchanga nihurumie."

Mama Redio hakubisha, maana kweli haibishiwi. Alirudi kwenye cherehani yake, akashona mfuko wa suruali ukatoka upande.

Asubuhi yake alifanya jambo pekee alilolijua. Katika soko lile hapakuwa na namna mbili za kuchanga. Mtu akifa, beseni linawekwa juu ya stuli mwanzoni mwa safu ya mafundi, linafunikwa kitambaa cheupe, na kila anayepita anaingiza mkono chini ya kitambaa ili mwenye kidogo asione haya. Hakuna anayeuliza maswali. Basi Mama Redio, pamoja na akili zake zote, akatoa beseni, akatoa stuli, akafunika kitambaa cheupe, akamwambia muuza vifungo wa jirani, "Huu ni mchango wa Mkunga, niangalizie." Kisha huyoo, akakimbilia kwa bibi harusi mmoja kumpima gauni, kwa kuwa malipo ya gauni hilo alitaka yaingie humo humo.

Bibi harusi naye alikuwa amenenepa tangu vipimo vya kwanza. Zipu haikupanda. Mama Redio alifumua, akaongeza, akashona tena kwa mkono huku mama mkwe mtarajiwa akimsimamia, na alipotoka pale jua lilikuwa utosini.

Alipofika sokoni, kitu cha kwanza kilichomshtua ni ukimya. Cherehani zote zilikuwa zimesimama. Mafundi wale hawazimi mashine kwa mvua wala kwa njaa, wanazizima kwa jambo moja tu. Nani amekufa? alijiuliza. Muuza vifungo alikuwa analia. Na beseni, jamani, beseni lilikuwa limefura mpaka kitambaa kimeinuka.

Shemeji alimjia na kofia mkononi, macho mekundu. "Pole, shemeji yangu. Jana nilisema maneno ya ovyo, sikujua kama leo tungemlilia. Mkunga wetu! Watoto wangu watatu wamepita mikononi mwa mama yule. Nimetoa yote niliyouza leo, na ningekuwa na zaidi ningetoa."

Ndipo alipoelewa alichokifanya, na akatamani ardhi ipasuke.

Hata hivyo alilitazama beseni. Lilitosha, wala halikuhitaji kuhesabiwa. Ofisi haikuwa mbali. Angenyamaza kidogo tu, ada ingelipwa, Bwana Kokoto angebaki na kokoto zake, na kesho watu wangeshangilia kwamba marehemu amefufuka. Kwani uongo kausema yeye? Nisiwafiche: alishalinyanyua lile beseni, na hatua alishapiga. Lakini Shemeji alikuwa bado anajifuta machozi kwa kofia, mwanamume mzima aliyewahi kupandishiwa kioo, na Mama Redio akaona wazi kwamba akiondoka na pesa hizi atakuwa amempandishia kioo cha pili. Akashindwa. Akaliweka beseni chini, akapanda juu ya benchi.

"Mkunga hajafa!"

Kwanza ilikuwa furaha. Watu walikumbatiana, muuza vifungo akapiga kigelegele. Kisha mtu mmoja akauliza kwa utaratibu, "Sasa hili beseni ni la nini?" Mama Redio akawaeleza. Alieleza yote, ada, Bwana Kokoto, kila kitu, lakini baada ya neno udiwani hakuna aliyekuwa anasikiliza.

"Siasa? Nimelilia siasa mimi?"

"Turudishie pesa zetu!"

Zikarudishwa. Muuza vifungo alishika kitambaa, mtu mmoja mmoja akapita akachukua alichokiweka, na lazima niseme kwamba hakuna aliyechukua zaidi ya chake. Shemeji alichukua chake bila kumtazama Mama Redio usoni. Beseni likaonyesha ua lililochorwa chini kabisa.

Hapo ndipo Mkunga alipotokea, na sare yake ya kazi, akihema.

"Njiani kote napewa pole ya kifo changu," alisema. "Jamani, nimekufa na nini?"

"Presha," mtu alijibu kutoka nyuma.

Kicheko kikalipuka. Watu waliokuwa wamenuna walishika mbavu, na Mkunga mwenyewe akacheka mpaka akakaa kwenye stuli.

"Na mlinichangia?"

"Sana tu," alisema Shemeji, uso bado kaukunja.

Mkunga akachungulia ndani ya beseni. "Mbona sioni kitu?"

Mama Redio akashindwa kuvumilia. "Zimerudi mifukoni kwa sababu unapumua, dada! Ndiyo kosa lako!" Aliwageukia watu kwa hasira na kwa haya. "Nimekosa, beseni nimeliweka vibaya, nisameheni. Lakini nyie! Mtu akifa mnatoa mpaka nauli ya kurudi nyumbani. Maiti angewafungulia zahanati? Angewaondolea yale makokoto? Mko tayari kumlipa mtu kwa kufa, kwa kufanya kazi hamtaki!"

"Maiti hapandishi kioo," alisema Shemeji taratibu. "Hiyo ndiyo tofauti, shemeji. Maiti ukimpa, umempa. Hakugeuki."

Mkunga aliinuka kwenye stuli.

"Hujakosea, kaka," alisema. "Na mimi siwezi kukuapia, kiti sijawahi kukikalia. Nitakwambia moja tu. Nisipopata hapa, nakwenda kwa Bwana Kokoto sasa hivi. Na yeye hatahangaika kunipungia mkono barabarani. Atanipigia simu, na mimi nitapokea. Hiyo simu nataka niipokee kutoka kwako."

"Nikupigie mimi?"

"Piga."

"Hata nikitaka kukufokea?"

"Nifokee. Nisipopokea, njoo nyumbani ugonge. Mlango unaujua, umeniamsha mara tatu kwa ajili ya wake zako wenye uchungu."

"Mke wangu ni mmoja!" Shemeji alimaka, na soko zima likacheka, na yeye mwenyewe akajikuta meno nje.

Akaingiza mkono mfukoni, akautoa, akauingiza tena. "Ya msiba sitoi. Ya msiba natoa mara moja kwa mtu, na yako naiweka mpaka siku yake ifike. Leo nitatoa nusu yake." Kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana sokoni pale. Alikishika kile kitambaa cheupe, akakivuta, akakitupa juu ya meza ya kukatia. "Na sifichi. Nataka uone kwa macho yako. Mimi nakudai, mama. Nakudai mlango wa zahanati usiku."

"Nidai," alisema Mkunga.

"Mimi nakudai lile lango," alisema muuza vifungo, na yake ikalia ndani ya beseni.

Wengine wakasogea. Muuza viatu vya mitumba alidai taa za barabarani, mwingine alidai mtaro, na mzee mmoja alisema yeye hadai kitu ila asisahauliwe. Kila mmoja Mkunga alimjibu lile lile, nidai, na kadiri alivyojibu ndivyo sauti yake ilivyozidi kukauka. Wapo waliotikisa kichwa wakaenda zao bila kutoa hata senti, na hakuna aliyewashika shati. Zilitosha kwa shida, baada ya Mama Redio kutia pesa ya gauni, na muuza vifungo kurudi mara ya pili akijifanya amesahau kitu.

Wakaenda naye mpaka ofisini, kundi zima, vibanda vimeachwa wazi. Karani alipoona beseni alivuta pumzi ya mtu aliyeonewa. Alihesabu, akahesabu tena, kisha akachukua kalamu ili aandike stakabadhi.

"Imelipwa na nani?"

Mkunga alifungua mdomo, lakini Shemeji alimtangulia kwa kiwiko mpaka dirishani.

"Andika sisi."

"Sisi ndio nani, mzee?"

"Muuza misumari," alisema Shemeji, akijipiga kifuani. "Andika. Fundi cherehani, huyu mwenye kelele. Muuza vifungo. Njoo, wewe wa viatu, sogea akuone." Na aliendelea kuwaita kutoka ukumbini mmoja mmoja, akihakikisha kila mmoja anaandikwa, mpaka nafasi ikamwishia karani, akafungua mtoto wa meza na kutoa karatasi ya pili.