Mkono wa Fundi Kiema

Jumatatu moja ya mwaka wa tisini na sita, Fundi Kiema, mwashi wa mtaa wa Umoja, aliamka akiwa na mkono wa tatu. Ulikuwa wa chuma, umeota katikati ya mabega, na umepakwa grisi vizuri. Mkewe, Kamene, aliutazama, akachukua mkasi na kufumua mshono wa shati la kazi.

"Si uliomba mkono?" alisema.

Kweli aliomba. Ijumaa iliyotangulia Bwire, mtu wake wa mkono, aliyempandishia mawe kwa miaka mitatu, alishindwa kusimama kwa maumivu ya mgongo. Kila Bwire alipomwomba amsaidie kuinua japo jiwe moja, Kiema alijishika kiuno na kusema, "Fundi hainami." Maneno hayo aliyapenda sana. Bwire akapelekwa kwao Mathare kwa mkokoteni, na Kiema akamwambia nyapara Irungu, "Nipatie mkono mwingine." Hakufafanua.

Kule Pipeline walikokuwa wakijenga, kwenye ghorofa ya nne, Irungu aliuangalia ule mkono na kuuliza kama unakula chakula cha mchana. Alipoambiwa hauli, aliridhika.

Mkono uliinua mawe kwa vidole viwili. Kiema alijenga akipiga mbinja, akawaeleza watu wa simiti jinsi ya kuishi. Jambo moja tu lilimtia hofu maishani, ule mkokoteni, na sasa alilala usingizi mzito, kifudifudi.

Wiki ya tatu mkono ulimpokonya mwiko. Ukajenga mstari mmoja ulionyooka kuliko yote aliyowahi kujenga. Kisha ukateremsha timazi kwenye ukuta wake wa juzi na kuubomoa, bila ubaya wowote.

Mchana Irungu alipanda. "Mbona mawe hayapandi?"

Mkono haukuwa na mdomo. Ulijikunja taratibu, ukamshika Kiema kiuno.

"Aah," Irungu alisema. "Fundi hainami."

"Na mtu wa mkono ni nani?" Kiema aliuliza.

"Si ni wewe, buda."

Andati, mchanganya simiti, alicheka hadi akaketi kwenye karai. Kiema naye alicheka kidogo, kwa kuwa haki ni haki, kisha akainama akaokota jiwe la kwanza na kulipitisha juu ya bega lake mwenyewe.

Ikawa kila jioni Kamene humkanda mgongo kwa dawa ya kuchua, akiuzungukia mkono pale ulipoota. Huanza na mkono, kwa grisi. Fundi huheshimiwa.

Ijumaa moja mgongo wa Kiema ulilia kama mlango mbovu. "Fundi," Kiema alinong'ona, "inua japo jiwe moja." Mkono uliendelea kunyoosha kamba. Kiema alichungulia chini. Karibu na pipa la maji, Irungu alikuwa akiujaza mkokoteni upepo, na juu yake ameweka spana namba kumi na saba, ya kumfungua fundi mgongoni mwa Kiema.