Sauti Kwenye Redio ya Kinyozi

Kazi ilimpeleka fundi wa lifti kwenye mkoa ambao hata kwenye ramani hakuwahi kuutafuta. Hospitali ya huko ilikuwa imejenga ghorofa mpya, na lifti yake imegoma kupanda. Alipofungua mitambo akakuta panya wametafuna nyaya, akaagiza nyingine kutoka makao makuu. Mpaka zifike, hakuwa na la kufanya. Akanawa grisi, akajiambia tembea uone, akatoka.

Mji ulimpendeza. Barabara zilipinda kama zimechorwa na mlevi, na watu walimsalimia bila kumjua. Akapita mtaa wa washonaji, akapotea, akaelekezwa, akapotea tena kwa raha zake. Mwishowe akaona kinyozi amekaa peke yake chini ya feni. Nywele zake zilikuwa zimeanza kumtia aibu, akaingia.

"Wewe si wa hapa," kinyozi alisema akimfunga shuka shingoni.

"Umejuaje?"

"Wenyeji hawakai kiti hicho. Mguu mmoja umelegea."

Fundi akacheka. Juu ya kioo redio ndogo ilikuwa ikipiga muziki. Muziki ukakatwa, ikaingia sauti ya mwanamume akisoma matangazo ya vifo.

Fundi akaigeukia redio. Sauti ile ilikuwa nzito, ikivuta neno la mwisho, na kila mara kabla ya kutaja jina la marehemu ilikohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi. Ni mtu mmoja tu aliyemjua mwenye kikohozi kile: kaka yake, dereva wa lori. Na kaka yake walikuwa wamemzika, huu mwaka wa nne.

"Tulia, bwana, wembe hauna undugu," kinyozi alisema. "Mbona unageukageuka?"

"Anayesoma ni nani?"

"Huyo? Tunamwita Bwana Tanzia. Alikuja hapa mwaka wa yale mafuriko. Hana ndugu, hana makuu. Kituo chao kipo nyuma ya posta."

Fundi akainuka na shuka shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, akaondoka. Kinyozi alimwita, hakusikia.

Hakungoja sana pale kituoni. Mlango ulifunguliwa, akatoka mtu mwembamba mwenye ndevu za mvi, ameshika mfuko wa machungwa. Alipomwona fundi, mfuko ulimponyoka, machungwa yakabingirika ngazini. Hakuna aliyeyaokota.

"Mdogo wangu," alisema.

Fundi alitaka kumkumbatia, akataka kumpiga. Mikono ikashindwa kuamua, ikabaki inaning'inia.

"Nilikufukia kwa mikono yangu mwenyewe," alisema. "Mama alizimia pale kaburini. Sasa wewe ni nani?"

Wakakaa kwenye ngazi. Kaka akaeleza akitazama chini. Siku ile mto ulikuwa umefurika na daraja halionekani. Utingo wake, mtu mzima mwenzake waliyemwita Kifimbo, alimsihi wangoje maji yapungue. Yeye akajibu kwamba lori halina madereva wawili. Likasombwa. Yeye maji yalimtupa ukingoni mbali huko chini, wachoma mkaa wakamwokota. Baadaye akasikia redioni kwamba dereva amekutwa amekufa na utingo hajulikani alipo.

"Nikaona kufa ni rahisi kuliko kurudi," alisema. "Ningewatazamaje watu?"

Fundi alikuwa anasikiliza kama anayesikia ya jirani. Kisha jambo likamjia taratibu.

"Sura haikutambulika," alisema. "Tuliambiwa ni wewe kwa sababu ya koti. Leseni yako ilikuwemo mfukoni."

"Koti nilimpa yeye."

Fundi akashika kichwa. Mama yake Kifimbo alikuwa hakosi nyumbani kwao. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, alikuja kumsaidia mama yao kufagia kaburi, na kila mwaka alisema lile lile: "Mwenzangu, wewe angalau una pa kulilia." Alikuwa ametafuta hospitali zote, magereza yote. Hata leo gari likisimama, anachungulia mlangoni.

"Ulijua?" fundi aliuliza. "Ulijua tumemzika nani?"

"Nilijua. Nasoma majina ya watu wote hapa, lake nalimeza."

Fundi akainuka. Akatoa simu, akampigia mama.

"Mama, nipo na kaka."

"Kaka yupi? Una kaka mmoja, na yuko hapa nyuma ya nyumba."

Akawasha spika, akamkabidhi kaka simu. Kaka alikohoa, akasema, "Mama, ni mimi."

Kimya kilikuwa kirefu hata fundi akadhani simu imekatika. Kisha sauti ya mama ikaja, kavu, bila chozi.

"Kama ni wewe, pale kwako amelala nani?"

Akamwambia. Hapo ndipo simu ilipokatika kweli.

Nyaya zilifika, lifti ikapanda, ndugu wakasafiri pamoja bila maneno mengi. Mama aliwapokea mlangoni. Alimpapasa mwanawe uso, masikio, mabega, kama mtu anayekagua mtoto aliyeanguka. Akampiga kofi moja. Kisha akamshika mkono asianguke.

"Ingia," alisema. "Mwenzangu yumo ndani. Nimeshamwambia."

Mama yake Kifimbo alikuwa amekaa mkekani, amenyoosha miguu. Kaka akapiga magoti mbele yake. Mama yule alimtazama mpaka fundi akatamani atukane, alie, afanye chochote.

"Koti ulimpa kwa nini?" aliuliza.

"Mvua, mama. Alisikia baridi."

Akatikisa kichwa polepole, kama aliyeambiwa habari ya mtu aliye safarini. Akajifunga khanga vizuri, akanyoosha mkono, na mama yao akamwinua. Wale kina mama wakatoka kwa mlango wa nyuma, kuelekea kaburini, wameshikana. Ndugu wawili wakafuata kwa mbali. Hakuna aliyewaambia waje, wala aliyewaambia wabaki.