Salamu za Mwenyekiti

Kila alipobonyeza Longino, alitokea Mzee Hironimus kwenye kioo cha kompyuta. Abonyeze bei ya mahindi, Mzee Hironimus. Abonyeze mbegu, Mzee Hironimus tena, kavaa tai yake ya Krismasi, anatoa salamu za mwenyekiti.

Ilikuwa mwaka 2003. Soko lilikwisha kuachiwa huru, wakulima wa Songea wakaambiwa wajitafutie wanunuzi wenyewe, na umoja wao pale Msamala ukaamua kuwa na tovuti. Kwa sasa ilikaa ndani ya kompyuta ya ofisi tu, haijatoka hata barazani, na mchana huo wanachama walikuwa wanakuja kuitazama. Longino ndiye aliyeitengeneza, akatunga na kanuni zake za kuelekeza anwani: anayeandika "bei" apelekwe kwenye bei, anayeandika "mbegu" kwenye mbegu.

Alizima, akawasha, akailaumu kompyuta, akaulaumu umeme. Mwisho akasoma kanuni zake upya, akaliona kosa. Kompyuta huzisoma kuanzia juu, na ya kwanza inayofaa ndiyo inayofuatwa. Juu kabisa alikuwa ameandika: anwani yoyote ile, mpeleke mtu kwenye salamu za mwenyekiti. Alilelewa hivyo, mkubwa atangulie. Na mkubwa huyu alikuwa baba yake Leticia, ambaye Longino alitaka kumwoa tangu mwaka jana, ila uoga ulimzuia kutuma mshenga.

"Si umshushe chini," alisema Rosemary, karani.

"Nimshushe baba yake Leticia?"

"Basi wanunuzi watakula salamu."

Mzee mwenyewe aliingia mapema, na tai ile ile. Longino akasimama, akamwamkia shikamoo kwa mikono miwili, akaanza kuomba radhi kabla hajasema kosa. Alizunguka mno kueleza kwa nini salamu zishuke chini, hata Rosemary akainamia faili lake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Kwa hiyo nakaa mwisho," alisema Mzee Hironimus.

"Ndiyo, baba. Samahani sana."

"Na huko mwisho nitawapokea akina nani?"

"Waliopotea, baba. Walioandika anwani ambayo haipo."

Mzee aliinyoosha tai yake. Longino alishamwona Leticia akiolewa na mwingine, tena mwenye gari.

"Nishushe," mzee alisema hatimaye. "Hao ndio watu wangu siku zote."

Akamshusha. Bei ikaleta bei, mbegu ikaleta mbegu. Mzee akavuta kiti, akaandika upuuzi fulani kwa kidole kimoja, akakutana na sura yake mwenyewe. Alifurahi, akarudia mara kadhaa. Kisha akainuka kwenda kuwapokea wanachama, na mlangoni akageuka.

"Na wewe, mwanangu, njia ya kwangu umeipotea? Mwaka mzima namsubiri mshenga wako."

Aliyejibu ni Rosemary.

"Anakuja Jumapili, baba, baada ya misa."