Kikapu Kwenye Meza ya Keki

Mimi siyo mzimamoto. Nianze na hilo, maana ndilo lililotuchanganya wote. Kwa miaka thelathini na minane kazi yangu ilikuwa kutengeneza mitambo ya kupasha joto majumbani, hapa Pell Creek na vitongoji vya jirani. Tangu nilipostaafu naenda kituo cha zimamoto Ijumaa za Kwaresima tu, kukaanga samaki. Kituo kinauza samaki na chipsi ili kupata vifaa, na dada yangu Dolores anasimamia meza ya keki. Watu wanaoka nyumbani, wanatuletea, sisi tunakata vipande na kuuza. Wengine huacha sahani zao na kuondoka bila hata kutaja jina.

Ijumaa hiyo, kama saa tano asubuhi, magari yote ya kituo yalikuwa yametoka. Trekta lilikuwa limepinduka kwenye barabara kuu na dereva wake kabanwa. Dolores alikuwa amekwenda dukani kuongeza sahani za karatasi. Nilibaki peke yangu na ndoo ya viazi na mafuta yaliyoanza kuchemka, nimevaa aproni nyekundu yenye nembo ya kikosi kifuani. Aproni zote za jikoni pale ziko hivyo.

Mwanamke mmoja aliingia kwa mlango wa pembeni. Miaka ishirini na kitu, labda zaidi. Koti kubwa la kijivu, nywele zimelowa. Alibeba kikapu cha plastiki, vile vya kuwekea nguo za kufua, kimefunikwa kwa taulo la njano.

"Samahani," alisema. "Ndiyo hapa mnapopokea?"

"Ndiyo hapa. Karibu."

"Na wewe unahusika?"

"Mimi na dada yangu. Weka tu pale mezani, pamoja na vile vingine."

Aliitazama meza. Kulikuwa na pai mbili za tufaha, keki ya chokoleti na biskuti kwenye kopo.

"Pale?"

"Popote penye nafasi, mama. Usije ukakibinua tu."

Alikiweka taratibu mno, kwa mikono miwili, nikajisemea kwamba keki yake lazima ina krimu juu. Halafu hakuondoka. Alisimama, mkono mmoja mfukoni, kama mtu anayesubiri risiti.

"Hamna maswali?" akauliza.

Nikafikiri. "Kina karanga?"

"Nini?"

"Karanga. Kuna watu zinawadhuru, inabidi tuandike."

Aliniangalia kama ninasema lugha ya ng'ambo. "Hapana," alisema polepole. "Hakuna karanga."

"Basi hatuna swali. Tunashukuru sana. Mungu akubariki."

Alipofika mlangoni aligeuka. "Mtamwangalia vizuri, sivyo?"

Mafuta yalikuwa yanachemka na feni inavuma. Mimi nilisikia "mtaiangalia". Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kufikia saa nane haitabaki hata chembe.

Hilo neno langu la mwisho ndilo ninalolisikia mpaka leo.

Dolores alirudi baada ya dakika tano, labda saba. "Nani kaleta nguo chafu kwenye meza yangu ya keki?" alifoka, kisha nikasikia taulo likifunuliwa.

"Verlin," alisema. "Verlin, zima hayo mafuta uje hapa. Sasa hivi."

Alikuwa mtoto wa kiume. Amelala, uso mwekundu, amefungwa kwenye shati la flaneli, na kitovu kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Kamba safi, mpya kabisa. Nilimtazama mtoto, nikaitazama ile pai ya tufaha kando yake, na akili yangu ilikataa kabisa kuviweka vitu hivyo viwili pamoja.

"Umefanya nini?" Dolores aliuliza.

"Mimi? Nakaanga samaki!"

"Nani kamleta?"

"Mwanamke. Kauliza kama tunapokea."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ndiyo."

"Ukamwambia ndiyo!"

"Nilidhani ni keki, Dolores! Nikamuuliza habari za karanga!"

Mtoto aliamka kwa kelele zetu akaanza kulia, sauti nyembamba kama ya paka. Dolores alimchukua kifuani, ndani ya sweta lake, akanifukuza kwa macho nikamtafute mama. Nilikimbia nje. Uwanja wa magari ulikuwa mtupu, ila mwishoni mwa barabara niliona gari dogo la kijani likikata kona. Nilipunga mkono. Sijui nilikuwa nampungia nani.

Tulipiga simu ya dharura. Aliyefika kwanza ni Trent Baumgart, naibu sherifu, yaani polisi wa kaunti, kijana niliyewahi kuwatengenezea wazazi wake mtambo wa joto. Alitoa daftari.

"Alikwambia ni mtoto?"

"Hapana."

"Wewe ulijua ni mtoto?"

"Trent, ningejua ningemwambia amweke na keki?"

"Basi hukumpokea, mzee. Huwezi kupokea kitu usichokijua. Hapo mtoto ametupwa, na kutupa mtoto ni kosa la jinai. Gari uliliona?"

Nilifungua mdomo. Neno "kijani" lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Lakini nilimkumbuka alivyoweka kikapu, na mtu anayetupa hatupi hivyo. Sasa nani alikuwa amekosea, yeye au mimi? Yeye aliuliza swali akajibiwa. Mimi ndiye niliyejibu swali lingine.

"Sina hakika," nilisema. Haikuwa kweli, na haikuwa uongo wote.

Kapteni Jodene Kessler, mkuu wa kituo, alirudi na gari la wagonjwa wakati huo, viatu vimejaa matope. Mhudumu wake alimchukua mtoto kutoka kwa Dolores, akampima pumzi na joto, akasema yuko sawa. Kapteni alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo namshukuru.

"Trent, funga hilo daftari," alisema.

"Siwezi. Sheria inasema mtoto akabidhiwe kwa mfanyakazi wenu. Huyu mzee anakaanga samaki."

"Sheria inasema mzazi anaweza kumleta mtoto ambaye hajafikisha siku thelathini, akamkabidhi, akaondoka, na asifuatwe wala asishtakiwe, ilimradi mtoto hajadhuriwa. Huyu kaingia kituoni, kakuta mtu mwenye nembo yetu kifuani, kauliza, kajibiwa. Ulitaka afanye nini zaidi, apige king'ora?"

"Mimi naandika nilichoambiwa. Mwanasheria wa kaunti ataamua."

"Aamue. Lakini humtafuti mama leo."

Dolores alikuwa bado ameshika taulo la njano. "Sheria hiyo ipo tangu lini?"

"Zaidi ya miaka ishirini."

"Miaka ishirini! Nimeuza keki hapa miaka tisa na sijawahi kuisikia. Mmeiandika wapi?"

Kapteni aliangalia ukuta, kisha akaangalia mashine ya soda. Alikwenda akachungulia nyuma yake. Bango lilikuwepo, lenye picha ya mikono na mtoto, na maandishi makubwa. Mashine ilikuwa imesogezwa mbele yake walipopaka rangi, na hakuna aliyeirudisha.

Siku iliyofuata mji mzima ulikuwa unajua. Kwa kinyozi waliniuliza kama samaki wao nawakagua vizuri, nisije nikawapa mtoto wa mtu. Nilicheka nao. Lakini mzee mmoja pale, Harmon Yoder, hakuwa anatania. "Mnawafundisha wasichana kuzaa na kwenda zao," alisema. Nusu yangu ilikubaliana naye, na nusu nyingine ilikuwa imesimama jikoni ikimtazama yule mwanamke akisubiri kuulizwa.

Jumapili muuguzi alimpigia Kapteni simu kutoka hospitali. Walikuwa wamemchoma mtoto kisigino kuchukua damu ya vipimo, kama wanavyofanyiwa watoto wote, na damu haikutaka kusimama. Walikuwa wakifunga bandeji inalowa, wakifunga inalowa. Aliuliza kama mama aliacha karatasi yoyote, au alisema lolote kuhusu ukoo wao. Kapteni alinipigia mimi.

"Alisema hakuna karanga," nilimwambia. Ndilo pekee nililokuwa nalo.

Jumatatu nilikuwa kituoni nikiosha makaango pamoja na Dolores. Simu ya ofisini ililia. Kapteni alisikiliza, akasema, "Ndiyo, yupo. Subiri," akanipa.

"Ni yeye," alinong'ona. "Anataka mzee wa aproni."

Mikono yangu ilikuwa na povu. "Halo," nilisema.

"Ni wewe uliyeniambia nimweke mezani?"

"Ni mimi."

"Mlimkuta?"

Sikuelewa. "Tulimkuta vipi?"

"Nauliza mlimkuta. Siku tatu hizi sijui. Nilisoma kwamba kuna mtu atanipokea, ataniuliza habari za magonjwa, atanipa karatasi. Niliandika kila kitu kabla sijatoka nyumbani. Wewe ukaniuliza karanga. Nilipofika kwenye gari nikafikiri, labda ndivyo wanavyofanya ili mtu asiogope. Halafu nikafikiri, labda yule mzee hana akili timamu. Halafu nikafikiri, labda hajui."

"Sikujua," nilisema. "Mwanangu, nilidhani umeleta keki."

Ikatoka sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kicheko, na huenda kweli ilikuwa kicheko kwa sekunde moja au mbili. Baadaye haikuwa hivyo. Nilisubiri. Dolores alikuwa amesimama karibu yangu na kitambaa cha vyombo, analia bila kujificha.

"Yuko hai," nilimwambia. "Tulimkuta mara moja. Dada yangu alimpasha joto. Yuko hospitali. Lakini damu yake haisimami, na madaktari hawajui kwa nini."

"Kisigino?" alisema haraka. "Wamemchoma? Waambie ni damu kutoganda. Kaka yangu anayo, na mjomba wangu alikufa nayo. Ndicho nilichoandika. Ndiyo karatasi niliyokuwa nayo mfukoni! Nilikuwa nasubiri uniulize!"

Kapteni alikuwa tayari na kalamu. Nilirudia kila neno kwa sauti, jina la ugonjwa, miaka ya kaka yake, dawa anayochomwa, na Kapteni aliandika. Hakumuuliza jina, wala mimi sikumuuliza. Nilitaka kumuuliza mambo mengi. Kama alizaa peke yake. Kama ana mtu. Nikamuuliza kama anatokwa na damu, kwa kuwa ni jambo la ukoo, akasema kidogo, nikamwambia aende hospitali, yoyote ile, hata ya mbali. Akasema ataona.

"Nilifanya sawa?" aliuliza.

"Wewe ulifanya sawa," nilisema. "Mimi ndiye nisiyejua nilifanya nini."

Akakata simu.

Hospitali walipata dawa siku hiyo hiyo, na jioni damu ilisimama. Wiki mbili baadaye mwanasheria wa kaunti alimwandikia sherifu kwamba hakuna kesi: mama alikuja mahali panapostahili na kusema alichopaswa kusema, na mkanganyiko ulikuwa wa upande wetu. Trent aliniletea habari hiyo mwenyewe, akala samaki vipande vinne. Mtoto alichukuliwa na familia katika kaunti nyingine, watu waliokuwa wakisubiri, na wamefundishwa namna ya kumchoma dawa. Zaidi ya hapo hatuambiwi, na ni haki yao.

Bango sasa liko kwenye mlango wa mbele, na jingine kwenye mlango wa pembeni. Harmon Yoder anapita akitikisa kichwa, lakini wajukuu zake wanalisoma. Kila anayefanya kazi jikoni amehudhuria mafunzo ya saa mbili, nami nilikaa mstari wa mbele. Tulionyeshwa fomu yenye maswali yote ambayo sikuuliza.

Baada ya mafunzo nilimwambia Dolores kwamba bado sielewi. Ningejua siku ile, ningemkalisha chini, ningemwita mtu, ningeuliza haya na yale. Labda angebadili mawazo akaondoka na mwanawe. Labda angeogopa maswali akakimbia naye, na huko mbele nani ajuaye. Labda keki ndiyo iliyomwacha aondoke kwa amani. Labda ndiyo iliyomwibia nafasi ya mwisho ya kusema hapana.

Dolores alikuwa anapanga pai. "Ungejua," alisema, "ungetetemeka ukamwangusha mtoto. Nisogezee hizo sahani."

Nikamsogezea.