Upawa Mara Tatu

Gesi iliisha saa sita kasorobo, maharage yakiwa bado magumu kama kokoto. Mimi ndiye mkuu wa jiko la hospitali, kwa hiyo wote wakanigeukia mimi.

"Washeni mkaa," nikasema.

"Tuwapigie simu wodini, tuwaambie tutachelewa?" aliuliza msaidizi wangu, mama mrefu mwembamba tuliyempa jina la Mwiko.

Simu iko ukutani, juu ya gunia la mchele. Niliuinua mkono wa simu. Nikaikumbuka barua yao ya mwezi uliopita, nikaurudisha mahali pake.

"Si wanajua kuandika barua? Basi wangoje barua."

Muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Kwa miaka saba, toroli letu likifika mlangoni pake, niligonga kifuniko cha sufuria kwa upawa mara tatu, tukaingia kugawa chakula. Mwezi uliopita wakampigia sakafu rangi mpya. Akauandikia utawala kwamba watu wa jikoni wana kelele na viatu vyao vina mafuta. Hakuniambia, ingawa Jumapili tulikula meza moja. Utawala ukajibu kwa ratiba: chakula saa sita na nusu, marufuku kugonga. Mstari mwekundu ukachorwa mlangoni. Watu wa jikoni mwisho hapo. Wa wodini watalivuta toroli wenyewe.

Hakuna aliyeuliza kama ule upawa ulikuwa na kazi nyingine. Hata mimi sikuuliza.

Tulifika kwenye mstari saa saba na dakika kumi. Nikasimama, ncha za viatu zikigusa wekundu. Sikugonga. Ukumbini hapakuwa na mtu. Wauguzi walikuwa mwisho kabisa wa wodi, wakimfunga mgonjwa bandeji.

"Tusubiri," nikamwambia Mwiko. "Sheria ni sheria."

Hapo ndipo nilipomwona mzee seremala, kitanda cha nne. Ni mgonjwa wa sukari, na kila siku huniuliza kama nyama imefika au bado iko likizo. Siku hiyo hakuniuliza kitu. Shati lilikuwa limemganda mwilini kwa jasho. Mikono ilimtetemeka, nayo ilikuwa inapiga randa ubao usiokuwepo.

"Baba, vipi?" nikamwita.

Akanitazama kama anayetazama ukuta. "Shikilia upande huo," akasema. "Unapinda."

Niliuvuka ule mstari.

"Viatu!" Sauti ya wifi yangu ilinijia kabla yake mwenyewe. "Wewe mwanamke husikii?"

"Achana na viatu! Huyu mmemchoma sindano ya sukari saa ngapi?"

"Saa sita na robo. Chakula si saa sita na nusu? Ratiba yenu hiyo."

"Chakula ndiyo kwanza kinafika, wifi."

Nikaona uso wake unabadilika. Ile sindano huishusha sukari. Isipokutana na chakula, huendelea kuishusha mpaka mtu anazima.

"Zamani tulikuwa hatuchomi mpaka tusikie upawa wako," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akapaza: "Dripu ya sukari! Haraka! Na hao wengine watatu waliochomwa, wapimeni!"

Mzee akaanza kulegea. Nikachota sukari ya chai kutoka kopo la torolini, nikaikoroga kwenye kikombe cha maji, nikakisogeza mdomoni.

"Usimnyweshe! Atapaliwa!" Wifi akanidaka mkono. "Hawezi kumeza huyu. Chovya kidole, mpake kwenye ufizi. Kidogo kidogo. Mgeuze ubavu."

Nikapaka. Meno yake yalinigonga kidole. Wifi akapiga magoti kutafuta mshipa. Sindano ya kwanza ikakosa. Ya pili ikakosa.

"Mshikie mkono huu. Kwa nguvu, anarusha."

"Nimemshika."

"Usitetemeke!"

"Natetemeka mimi au wewe?"

Nyuma yangu nilimsikia Mwiko akigawa uji kwa wale watatu wengine: "Kunywa, baba, kelele utanipigia baadaye." Macho ya mzee yalikuwa wazi, lakini mwenyewe hayupo. Nilimfikiria mkewe, ambaye huja kila saa kumi na hunisalimia kupitia dirisha la jikoni. Leo angenisalimia, nami ningemwambia nini? Kwamba simu niliishika?

Ya tatu ikaingia.

Tulikaa tumemshika, kila mmoja upande wake. Jasho likaanza kukauka. Mikono ikaacha kupiga randa. Akapepesa macho, akanitazama, akalamba midomo.

"Mama," akasema kwa shida, "leo nyama mmeitia sukari?"

Wifi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka bila kicheko.

"Nilipaswa kukupigia simu," nikamwambia. "Niliuinua mkono wa simu, nikaurudisha. Makusudi."

Akajifuta machozi. "Nami nilipaswa kukuuliza kabla ya kuandika barua. Nilijua utanibishia."

"Ningekubishia kweli."

"Ndiyo hivyo."

Alasiri utawala ulitaka maelezo, jiko peke yake na wodi peke yake, ijulikane kosa la nani. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini tukaandika karatasi moja, simu na barua vyote ndani, tukatia sahihi mbili. Bado tunangoja adhabu. Nyumbani mume wangu aliuliza kwa nini dada yake amenipigia simu mara tatu; nikamwambia ya jikoni hayamhusu.

Kesho yake saa sita na nusu nilisimamisha toroli kwenye mstari mwekundu. Wifi yangu alikuwa kando ya kitanda cha nne, na trei ya sindano ilikuwa mezani, zote zikiwa na vifuniko vyake. Hakugeuka. Alikuwa amenyanyua kichwa tu, anasikiliza.

Nikaushika upawa, nikagonga.