Mgongo wa Gauni Wenye Kaskazini

Printa ilikufa Jumatatu asubuhi, tena bila kuaga. Ilimeza karatasi nusu, ikakoroma, ikazima taa zake zote. Bwana Rula akaibembeleza, akaichomoa, akaichomeka, mwishowe akaizaba kibao kidogo ubavuni. Wapi.

Mtu mwingine angeita fundi wa printa, mambo yakaisha. Lakini Bwana Rula, mchora ramani za nyumba, alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikaa chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, ikishona magauni. Yeye na yule fundi cherehani walichangia printa moja. Fundi akibonyeza kompyuta yake kule, mchoro wa kukatia nguo unapita kwenye mtandao wa ofisi, unatua kwenye kompyuta ya Bwana Rula, kisha printa ya mezani kwake inautoa. Halafu, na hapa ndipo penye utamu, fundi lazima aje mwenyewe kuuchukua. Mara sita kwa siku. Akikaa hata dakika moja, Bwana Rula hushinda akiimba.

Printa ikienda kutengenezwa ni wiki mbili. Fundi angehamishia kazi zake duka la kona, na huko huko angezoea. Wazo hilo lilimkata maini.

Mara mchoro wa kwanza ukatua: kola ya blauzi. Bwana Rula akautazama kwenye skrini, akazitazama kalamu zake. Akafunga mlango. Akatandaza karatasi, akapima, akauchora kwa mkono mstari kwa mstari, mpaka ungeapa umetoka kwenye mashine.

"Leo printa yako ina uvivu," fundi alisema alipoingia.

"Ilikuwa inapasha moto," Bwana Rula alijibu, kidole chenye wino akiwa amekificha mfukoni.

Siku tatu alichora mikono, mifuko na marinda. Ramani za wateja zikalala. Dada yake, aliyekuwa akipiga chapa barua kwenye meza ya pembeni, alimwona akitokwa jasho juu ya kiuno cha sketi, akacheka hadi miwani ikamdondoka.

"Mdogo wangu, mwambie tu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki."

"Nikimwambia akakataa, hata karatasi hatakuja kuchukua."

"Na akigundua? Njia ya mwongo ni fupi."

Ikawa fupi kweli. Alhamisi mchana fundi aliingia bila kubisha hodi, karatasi mkononi, uso hausomeki. Akaitandaza mezani. Ulikuwa mgongo wa gauni la bibi harusi, mzuri kabisa, na kwenye kona ya juu, kwa wino mweusi, mshale wa kaskazini. Chini ya mshale Bwana Rula, kwa mazoea ya miaka kumi na mitano, alikuwa ameandika kipimo cha ramani, moja kwa mia. Na pale pa kuingizia mkono alikuwa amechora mlango unaofungukia ndani.

Jamani, aibu ina uzito.

"Kwa hiyo bibi harusi wangu anaelekea kaskazini?" fundi aliuliza.

"Printa imekufa," alisema Bwana Rula. "Tangu Jumatatu. Niliogopa hutakuja tena."

Dada akaacha kupiga chapa. Fundi akavuta kiti, akakaa, akaanza kucheka taratibu, kicheko cha mtu aliyekibana siku nyingi.

"Najua. Ile kola ya kwanza iliniachia wino mbichi kidoleni. Nikasema nitakuonea huruma, nitakwenda duka la kona. Lakini nikatuma tena." Akaugusa mgongo wa gauni. "Hili hapa lilishavaliwa mwezi uliopita, na mwenyewe ameshaolewa. Michoro mipya iliniishia tangu juzi, natuma ya zamani."

Bwana Rula akakitoa mfukoni kidole chake chenye wino.

"Umebaki mmoja tu ambao sijauchora," fundi aliendelea, sasa yeye ndiye akiangalia sakafu. "Shati la mwanamume. Vipimo sina."

Akavua futi ya kupimia shingoni.

"Simama."

Bwana Rula akasimama. Fundi akampima mabega, akaandika. Akampima mkono, akaandika. Alipofika kifuani, futi ikiwa imemzunguka, alisahau kusoma namba, ikabidi aanze upya.